Rangi za joto sebuleni: Chunga kilicho ndani ya mkebe

SIKUKUU zinapokaribia, nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe huanza kunukia rangi. Sebule ndiyo hutangulia, maana ndiko anakokaribishwa mgeni. Na siku hizi wengi wamechoka na ukuta mweupe mtupu. Wanataka manjano ya embe bivu, rangi ya matofali, kahawia ya karafuu.

Ni chaguo zuri, ila lina mambo mawili ya kuangaliwa.

La kwanza ni jua. Mombasa haina baridi ya kutufanya tutafute joto ukutani. Rangi nzito ikipakwa kuta zote nne katika chumba chenye dirisha dogo, hunywa mwanga, na mwenye nyumba huwasha taa saa nane za mchana. Ni afadhali ukuta ubaki na rangi hafifu, kama ya maziwa au mchanga mkavu, kisha joto liletwe tabaka kwa tabaka: pazia la rangi ya machungwa yaliyoiva, foronya za mito zenye wekundu wa matofali, mkeka wa ukindu uliotiwa rangi chini ya meza. Leso kuukuu iliyopauka kidogo ikitandikwa juu ya kiti huunganisha rangi hizo kuliko kitambaa cha bei ghali. Ukitaka ukuta mmoja uwe mzito, chagua ule unaotazamana na dirisha, ndio unaopata mwanga. Tena vitambaa hufuliwa na kubadilishwa. Ukuta ukishakosea, umekosea hadi mwakani.

La pili ndilo zito. Manjano, machungwa na nyekundu, rangi hizo hizo tunazoziita za joto, ndizo ambazo kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, kwa kuwa hung'aa na hazipauki upesi. Kanuni za Kenya sasa haziruhusu risasi kupita sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Lakini rangi iliyopakwa zamani bado iko ukutani, hasa ile ya mafuta kwenye milango na fremu za madirisha.

Wakazi wa bara hawahitaji kuelezwa mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2024. Risasi ya ukutani si nyingi kama ile, lakini mwili hauulizi ilikotoka. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi: hutambaa, hushika vumbi, hutia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Hatari kubwa huja siku fundi anapopiga msasa mkavu. Mwambie alowanishe ukuta kwanza, akwangue ukiwa majimaji, asichome rangi ya zamani kwa moto. Watoto na mama mjamzito wapelekwe kwa jirani au kwa shangazi mpaka kazi iishe. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kwa ufagio wa chelewa ni kulirusha hewani. Maganda ya rangi yasitupwe uani wanakodonoa kuku. Kama rangi ya zamani imeshika vyema, usiikwangue kabisa. Paka juu yake.

Dukani, soma mkebe kabla ya kulipa. Rangi iliyopimuliwa kwenye chupa isiyo na jina, hata iwe rahisi vipi, muachie mwenyewe.

Kuna pia unyevu. Nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa hupumua. Ukizifunika kwa rangi ya mafuta, maji ya masika hunasa ndani, rangi ikafura na ukungu ukaota nyuma ya kabati. Mwenye pumu atalijua hilo kabla ya mwenye nyumba. Ukuta wa aina hiyo upakwe chokaa iliyochanganywa na unga wa rangi ya udongo, njano au nyekundu, nayo hutoa joto tulivu ambalo mkebe hauna. Ukichagua rangi ya maji, acha madirisha wazi siku kadhaa kabla ya kulala humo, na ukuta uwe umekauka kweli kabla ya kuanza. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ndiyo mizuri kwa kazi hii.