Kipima mapigo ya moyo
Kipima mapigo ya moyo ni kifaa kinachoonyesha moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Wakimbiaji hukivaa kifuani au mkononi.

Namba isiyo ya kawaida si lazima iwe dalili ya ugonjwa. Saa ya mkononi iliyolegea huweza kuhesabu hatua, ambazo mara nyingi ni 160–180 kwa dakika, badala ya mapigo. Mkanda wa kifuani ukiwa mkavu hukosea pia. Lakini kwenye vilima vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mapigo huongezeka kweli mtu anapopanda na kupungua anaposhuka.

Ili kuhakikisha, mkimbiaji asimame, ahesabu mara moja mapigo ya mkononi kwa vidole kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Akiona kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mbio na kwenda hospitali, kifaa kionyeshe namba yoyote.