Konokono wetu, mvamizi wa wenzetu

Masika yakinyesha usiku kucha Mbagala au Bunju, asubuhi huna haja ya kumtafuta. Yuko ukutani, amejibandika kwenye chokaa, gamba la kahawia lenye michirizi limemlalia mgongoni kama pia. Sogeza sikio kabla bodaboda hazijaanza: utasikia mkwaruzo mdogo, mkavu. Anakula ukuta. Ulimi wake una vijino maelfu, mfano wa tupa ya fundi, na chokaa anayoikwangua ndiyo anayojengea gamba. Akitoka hapo anashukia mchicha. Mwenye bustani humrushia jirani ng'ambo ya uzio, kana kwamba konokono hajui njia ya kurudi.

Wataalamu wanamwita Achatina fulica, na kwao ni hapa, pwani ya Afrika Mashariki. Ugenini jina lake linatisha. Shirika la uhifadhi la IUCN limemweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya kabisa duniani, orodha moja na yule kome mdogo mwenye mistari kama punda milia. Kome huyo wa maji baridi alitoka Ulaya ndani ya maji ambayo meli hupakia tumboni zisiyumbe, akaingia maziwa makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980, akaziba mabomba ya maji. Lakini kome alidandia. Konokono wetu alibebwa kwa mikono.

Alifika Madagascar, kisha Mauritius. Mwaka 1847 mtafiti William Benson aliwatoa huko akawaachia kwenye bustani Calcutta, India. Karne iliyofuata Wajapani wakamsambaza visiwani Pasifiki, kwao akiwa kitoweo na dawa. Popote alipotua alizaana, maana kila konokono ni dume na jike kwa pamoja. Wawili wakikutana, wote wanaweza kuondoka na mimba, na mbegu hudumu mwilini miezi mingi. Kwa hiyo mmoja tu aliyesahaulika kwenye kreti ya mboga anatosha kuanzisha ukoo. Kwa mwaka hutaga mayai hadi 1,200, madogo kama punje, ardhini.

Florida wanalijua hilo. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawatupa bustanini. Hadi walipotangazwa kumalizwa mwaka 1975, walikuwa wamekusanywa zaidi ya 18,000 na serikali ilikuwa imetumia dola milioni moja. Mwaka 2011 wakaonekana tena. Safari hii wakaletwa mbwa wa kunusa (naam, mbwa wa kumsaka mnyama ambaye hakimbii) na ushindi ukatangazwa 2021. Mwaka uliofuata wakaibuka Pasco, kaunti nyingine ya Florida hiyohiyo. Hofu yao si mboga tu: anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, unaomsababishia binadamu homa ya uti wa mgongo.

Dawa iliyoponza zaidi ilikuwa kumtafutia adui. Miaka ya 1950 walichukuliwa konokono walao nyama kutoka Kenya, mmoja wao amepewa jina la mji wa Kibwezi, wakapelekwa Pasifiki. Akatafutwa na mwingine, wa Florida kwenyewe. Mwaka 1977 huyo akaachiwa kisiwani Moorea, akapita kando ya jitu la Afrika na kuwageukia vikonokono wadogo wa kisiwa, jamii ya Partula. Baada ya miaka kama kumi hawakuwepo tena porini. Waliosalia walikuwa wakilelewa kwenye bustani za wanyama, London ikiwemo.

Kipupwe kikiingia, wa Mbagala anateremka ukutani. Chini ya rundo la vifuu vya nazi anajikunja ndani, anauziba mlango wa gamba kwa ute unaokauka kama karatasi ngumu, na hapo atakaa hadi tone la kwanza la vuli.