Chumvi na Akili

Je, umepata kuona mtu mwenye rovu? Ni ule uvimbe wa shingoni, mbele ya koo. Wazee wetu huku Songea wanaujua. Wako waliodhani mtu amerogwa. Sivyo.

Hapo shingoni kila mtu ana tezi. Tezi hiyo hutoa kichocheo kinachopita katika damu na kufika mwili mzima. Waganga wa hospitali hukiita homoni. Kazi yake ni kuamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani. Fikiri juu ya moto wa jikoni. Kuni zipo, lakini moto ukififia chungu hakichemki. Vivyo hivyo mtu anaweza kushiba ugali, na bado mwili wake ukawa baridi na mzito. Husinzia, husahau, na mawazo yake huenda polepole. Watu humwita mvivu. Mimi naona tumewaonea wengi kwa neno hilo.

Tezi hiyo haiwezi kutengeneza kichocheo bila madini joto. Katika nchi ya milima kama yetu, mvua za miaka mingi zimeyaosha madini hayo kutoka katika udongo. Kwa hiyo mahindi na mihogo yetu huwa nayo kidogo mno. Samaki wa baharini wanayo. Samaki wa Ziwa Nyasa ni watamu, lakini hawatoshi kwa jambo hili. Tezi ikikosa madini joto hujikaza, na mwisho huvimba. Hilo ndilo rovu.

Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Ubongo wake hujengwa kwa msaada wa kichocheo hicho, na katika miezi ya kwanza hukipata kwa mama yake tu. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi au mzito wa kuelewa. Hasara hiyo hairudishwi kwa dawa. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zenye rovu nyingi. Miaka ya 1990 serikali ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Madini joto anayohitaji mtu maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Lakini mwili huyataka kidogo kidogo, kila siku. Ukienda dukani, tafuta pakiti ya chumvi iliyoandikwa "madini joto". Usimwulize muuzaji, soma mwenyewe. Nyumbani iweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto. Itie katika mboga inapokaribia kuiva. Usizidishe chumvi ukidhani ni dawa. Rovu kubwa la siku nyingi haliondoki kwa chumvi. Mwenye nalo aende zahanati akapimwe.