Ekseli, Masango na Sumaku ya Dunia

"Treni ya Kigoma ikipita Usinge, magharibi ya Tabora, ekseli zake huzaa umeme, hata kama injini ni ya dizeli."

Kweli. Dunia ni sumaku, na chuma kinachokata mistari ya sumaku huzaa volti. Reli hii, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, ina upana wa mita moja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kati ya gurudumu la kushoto na la kulia hutokea takriban theluthi moja ya milivolti. Betri moja ya tochi inaizidi mara elfu kadhaa.

"Basi abiria mwenye waya anaweza kuuvuna."

Si kweli, na uchache si sababu pekee. Waya wake nao umo safarini, kwa mwendo uleule, ukikata mistari ileile. Volti ya waya na ya ekseli zinakabana, umeme hautembei. Wa kuupima ni aliyesimama chini, kipimo chake kikiunganisha reli mbili mbele ya treni: eneo kati yake na ekseli inayokuja hupungua kila sekunde, na mistari iliyomo hupungua nalo. Mabadiliko hayo ndiyo roho ya jambo zima. (Mataruma yakiwa ya chuma, huunganisha reli na kuufifisha umeme huo.)

"Mwendo ukiwa mmoja, volti ni moja popote."

Si kweli. Usinge mistari huchomoza ardhini kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Jirani na Addis Ababa, inakopita ikweta ya sumaku, mistari hiyo imelala chini. Ekseli haipati cha kukata.

"Wapagazi waliobeba masango walitembea na umeme mabegani."

Hili nalipenda kuliko yote. Masango, nyaya nene za shaba zilizokunjwa, kabla ya reli zilikuwa mali ya misafara ya kununulia chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa njia, toka Unyanyembe (eneo la Tabora) hadi Ujiji (jirani na Kigoma). Mduara wa waya ukienda mbele bila kugeuka, mistari inayoingia ni sawa na inayotoka, kwa hiyo hakuna mkondo, hata mpagazi akikimbia. Lakini mwaka 1832, huko London, mwanasayansi Michael Faraday alieleza jinsi alivyopindua koili ya waya wa shaba katika sumaku ya Dunia, na sindano ya kipimo ikacheza. Mpagazi aliyehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile, mduara ukapinduka ncha zikiwa zimegusana, alifanya jambo lilelile.