Somo la seli: kutoka ngozi ya kitunguu hadi posa

Wanafunzi wetu wa sekondari, wa Mji Mkongwe na wa shamba, hufika mahali katika somo la bayolojia wakafundishwa habari za seli. Wengi hukariri majina kwa ajili ya mtihani, kisha husahau. Sisi tunaona kwamba somo hilo ni la nyumba nzima, kwa kuwa linagusa ndoa na uzazi.

Seli ni chembe hai ndogo kabisa inayojenga mwili wa kila kiumbe. Jina lake lilitokana na Mwingereza Robert Hooke, ambaye mwaka 1665 alichapisha kitabu akieleza alivyotazama kwa hadubini kipande cha gamba la mti akaona vijumba vitupu vilivyopangana.

Jaribio la kwanza skuli halihitaji gharama kubwa. Kitunguu cha sokoni Darajani kinatosha. Mwanafunzi hubandua ngozi nyembamba iliyo upande wa ndani wa tabaka la kitunguu, akaitandaza juu ya kioo kwenye tone la maji, akatia tone la iodini, kisha akateremsha kioo chembamba cha kufunikia kwa upande mmoja kwanza ili mapovu ya hewa yasibaki. Aanze na lenzi dogo, ndipo ahamie kubwa. Ataona visanduku virefu vilivyoshikana kama mawe ya ukuta, na ndani ya kila kimoja doa lililokoza rangi. Hilo ndilo kiini, panapohifadhiwa maelekezo ya urithi.

Damu nayo ina chembe zake. Chembe nyekundu ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo, imebonyea katikati, haina kiini, na huishi takriban siku 120. Kwa mgonjwa wa selimundu baadhi ya chembe hizo hupinda mfano wa mundu. Hukwama katika mishipa midogo zikaleta maumivu makali, na huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu.

Kwa nini maradhi haya yakawa mengi pwani kwetu? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aligundua kwamba walio na urithi huu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alionesha kwamba mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na malaria nyingi, urithi huo ukadumu.

Hapa ndipo jambo linapoingia nyumbani. Aliyerithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida huwa mzima wa afya, wala hajijui. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Basi si haki kumlaumu mama peke yake, wala kudai kuwa mtoto amerogwa. Maradhi yametoka kwa wazazi wote wawili, na hapana aliyekosa. Na kwa kuwa kwetu binamu huoana, ukoo wenye mgonjwa una sababu zaidi ya kupima.

Tahadhari moja: damu ya mbebaji huonekana ya kawaida chini ya hadubini. Hubainishwa kwa kipimo maalumu cha himoglobini, kinachofanywa maabara. Wanafunzi nao wasichomane vidole darasani, kitunguu kinawatosha.

Wazazi, mwanenu akirudi skuli na habari za seli, mwacheni aeleze. Na posa inapoletwa, pamoja na kuuliza dini na tabia, ulizeni pia kipimo cha damu, kabla ya siku ya nikaha kupangwa. Kuuliza mapema ni kuwahurumia watoto ambao bado hawajazaliwa.