Upasuaji wa Shingo na Neva Zilizochelewa Kufunguliwa

Katika mfereji wa pingili 7 za shingo hupita ugwe mgongo, yaani fungu laini la neva linalopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni na kurudisha hisia kutoka huko. Diski zilizo kati ya pingili zinapochakaa kwa umri, na vinundu vya mfupa vikaota kando yake, mfereji hufinyika na ugwe hubanwa, hata mtu akashindwa kufunga vifungo vya shati na miguu ikawa mizito. Upasuaji huupa ugwe nafasi, lakini hauziotishi upya neva zilizokwisha kufa; ndiyo maana sehemu kubwa ya matokeo huwa imeamuliwa kabla ya kisu.

Madhara ya kubanwa huko hupimwa kwa alama. Kipimo kilichotungwa na madaktari wa mifupa wa Japani kina alama 17 kwa mtu asiye na tatizo, zinazogawanywa kati ya mikono, miguu, hisia na uwezo wa kuzuia mkojo. Hapa pana utata: mwenye alama chache mara nyingi ndiye anayeongeza nyingi, kwa kuwa ana pengo kubwa la kuziba, ilhali ndiye pia anayebaki na ulemavu mzito zaidi. Kiyoshi Hirabayashi wa Chuo Kikuu cha Keio, aliyebuni pia mtindo wa kuyafungua matao ya pingili kama mlango, alipendekeza alama zilizoongezeka zigawanywe kwa zile zilizokuwa zimepotea, kiasi kwamba anayetoka 9 hadi 13 amerudisha nusu ya alichopoteza.

Muda wa kubanwa una uzito wa pekee, na bahati mbaya ndio unaopotea kirahisi, kwa sababu ganzi ya vidole hudhaniwa kuwa tatizo la kifundo cha mkono. Picha za MRI nazo hutoa dalili: doa jeupe ndani ya ugwe laweza kuwa uvimbe tu, lakini likiambatana na weusi katika aina nyingine ya picha za MRI, huashiria kovu la kudumu. Uvutaji sigara na kisukari hupunguza matumaini. Uzee pia, ingawa peke yake si sababu ya kumnyima mtu upasuaji.

Nafuu kubwa huja katika miezi 6 ya mwanzo, kisha mwendo wake hupungua. Wagonjwa wachache hupatwa na udhaifu wa bega siku chache baada ya upasuaji, nao wengi hurudiwa na nguvu baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya viungo.