Mtoto Aliyezaliwa na Umio Ulioziba

Bibi mmoja, msomaji wetu, ametuletea swali mintarafu ya mjukuu wake aliyezaliwa na umio ulioziba: je, maadamu amekwisha kupasuliwa na kuungwa, atatambaa, atasema na kusoma kama wenziwe? Aghalabu ndiyo, ingawa wengine huchelewa kidogo kukaa na kutembea, na wengi huwa wembamba miaka ya mwanzo. Walakini iko elimu moja ambayo mtoto wa namna hii huweza kuikosa bila ya watu kutambua, nayo ni elimu ya kula.

Elimu hiyo huanza tumboni mwa mama, ambamo mtoto hunywa maji ya chupa ya uzazi, hata miezi ya mwisho akawa anameza nusu lita na zaidi kwa siku. Mwenye umio ulioziba huyarudisha, na akizaliwa hutokwa na mate yenye povu yasiyokoma. Mwaka 1941, huko Michigan, Cameron Haight aliziunga ncha mbili za umio kwa mara moja na mtoto akaishi. Lakini ncha zikiwa mbalimbali sana, huenda zikangojewa miezi, na maziwa yakapitishwa kwa mrija uliotiwa tumboni, kinywa kikakaa bure.

Kinywa hicho ni kama mtoto asiyepelekwa chuoni kwa wakati wake. Mwenziwe aliyeketishwa mbele ya mwalimu angali mdogo hukariri alifu, be, te kabla ya kujua maana, ulimi ukazoea mahali pa kila herufi. Naye anayeanza ndevu zimeota, japo ana akili kumshinda mwalimu, kila herufi humtoa jasho. Illingworth na Lister wa Sheffield waliandika mwaka 1964 ya kwamba kutafuna nako kuna wakati wake: mtoto asiyepewa cha kutafuna yapata miezi sita au saba, baadaye hukikataa, na akilazimishwa hutapika.

Basi matabibu wakabuni hila inayonistaajabisha mno. Ncha ya juu ya umio hutolewa nje shingoni. Mama humpakata mwanawe akamnyonyesha, maziwa yakatokea shingoni na kupokewa kwa kitambaa, na papo hapo maziwa mengine humiminwa mrijani, ili tumbo lishibe wakati ule ule kinywa kinaponyonya, na ubongo uyafungamanishe hayo mawili. Siku ya kuungwa ikifika, mtoto amekwisha kuhitimu.

Ama kama nusu kaputi za mara kwa mara, au kasoro za moyo ambazo baadhi ya watoto hawa huzaliwa nazo, zitamchelewesha mjukuu, aulizwe daktari wake. Bibi na amtazame mjukuu akila muhogo laini: akiugeuzageuza ulimini kisha akautema, yamkini hajafundishwa kutafuna, lakini ukimkwama kooni, asingoje, ampeleke hospitali, kwani umio huweza kusinyaa penye mshono, ukahitaji kupanuliwa.